Barua ya wazi kwa wanaotia saini mikataba ya shule na makampuni: ulizeni kijana amesoma nini

Kwa: Wakuu wa elimu, wakuu wa shule za sekondari na wakurugenzi wa makampuni

YAH: MIKATABA YA USHIRIKIANO NA MASOMO MAGUMU

Waheshimiwa,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa hisabati sekondari. Barua hii nimeiandika wazi kwa sababu wahusika ni wengi na hamkai ofisi moja. Kila shule na kampuni zinapokubaliana kushirikiana, karatasi husema lengo ni kuinua taaluma na kuwaandaa vijana kwa soko la ajira. Sina ugomvi na lengo hilo. Ila baada ya saini na picha, kinachofika darasani mara nyingi ni madaftari yenye nembo, fulana, na bango jipya ukutani. Wanafunzi wanaoendelea na fizikia, kemia na hisabati ya juu wanabaki walewale wachache.

Ombi langu ni moja, mengine yote ni matawi yake. Mwajiri anayesema anataka vijana waliosoma masomo magumu, siku ya kuajiri aulize kweli wamesoma nini na wamepata nini, na vijana wajue mapema kwamba swali hilo linawasubiri.

Najua linaonekana dogo mno kuandikiwa barua. Nivumilieni.

Mtoto wa miaka 14 au 15 anapochagua masomo hafanyi uchaguzi wake kizembe kama tunavyodhani. Anapiga hesabu zake. Anamtazama kaka aliyemaliza shule miaka mitatu iliyopita, anamtazama binti wa jirani, anauliza walivyopata kazi. Kisha anakuja kwangu. Mwanafunzi mmoja, mwenye kichwa chepesi kabisa kwenye aljebra, aliniambia anaacha hisabati ya juu. Nikamuuliza sababu. Akasema, "Mwalimu, dada yangu kaajiriwa. Waliangalia cheti kama anacho, wakamuuliza kama anaweza kuongea na wateja. Hesabu hawakumuuliza hata moja. Sasa mimi nijitese kwa nini, wakati nikichukua masomo mepesi napata wastani mzuri zaidi?"

Nilikuwa na majibu ya kumpa, na nilimpa. Nilimweleza habari za vyuo, za uhandisi, za udaktari, za milango inayojifunga mapema. Lakini mahesabu yake yalikuwa sahihi. Kama cheti chenye hisabati ya juu na cheti kisicho nayo vinawekwa kwenye faili moja, na anayepita ni yule mwenye wastani mkubwa zaidi, basi anayekwepa somo gumu ndiye mwenye akili. Nyinyi waajiri ndio mliomfundisha hivyo, na mlimfundisha bila kukanyaga darasani.

Haya hayakuanza jana. Watafiti wa elimu Marekani wamelisema jambo hili tangu miaka ya 1980: waajiri wa kule walikuwa hawana desturi ya kuomba ripoti ya masomo ya kijana anayetoka sekondari moja kwa moja kwenda kazini, hivyo kijana asiyekusudia kwenda chuo alikuwa haoni faida ya kujitesa. Wakati huohuo Japani walikuwa na utaratibu tofauti. Kampuni ilipeleka nafasi zake za kazi kwenye shule maalumu, mwaka hadi mwaka, na walimu ndio waliopendekeza nani apelekwe, wakitazama alama, mahudhurio na mwenendo. Shule haikuthubutu kumpeleka mwanafunzi mzembe, maana ingepoteza uhusiano na kampuni hiyo. Mwanafunzi naye alijua tangu mwanzo kwamba kazi yake ya kwanza iko ndani ya daftari lake la sasa.

Sisemi tuuige utaratibu wa Japani ulivyo. Una kasoro zake, na Wajapani wenyewe wanazilalamikia: kwa kawaida kijana huruhusiwa kuomba kampuni moja tu kwanza, na mwalimu anakuwa na madaraka makubwa mno juu ya maisha yake. Ninachotaka mkione ni kwamba kule kampuni haikununua fulana wala haikupaka rangi madarasa. Ilichotoa ni nafasi ya kazi iliyofungwa na matokeo ya masomo, na hicho hakuna mtu mwingine anayeweza kukitoa isipokuwa mwajiri. Mwalimu hana. Mzazi hana. Hata wizara haina. Ndiyo maana inaniuma kampuni inapoacha kile ambacho ni chake peke yake, ikaja na vitu ambavyo hata chama cha wazazi kingeweza kununua.

Mkataba mmoja niliousoma ulikuwa na kurasa kadhaa. Palikuwa na kifungu cha nembo: ukubwa wake, rangi yake, ikae upande gani wa lango. Palikuwa na kifungu cha waandishi wa habari. Palikuwa na ratiba ya hafla. Neno kemia halikuwemo. Neno maabara lilikuwemo mara moja, kwenye sentensi iliyosema ziara ya wageni itaanzia hapo.

Niseme sasa ninapotaja masomo magumu namaanisha nini, maana neno hili kila mtu ana lake. Kuna mpango ulioanzia Texas ukaitwa Texas Scholars, na baadaye wazo lake likaingia majimbo mengine ya Marekani kwa jina la State Scholars Initiative, likisaidiwa na fedha za serikali kuu kuanzia mwaka 2002. Wafanyabiashara na shule walikubaliana orodha moja na kuitangaza: miaka 4 ya Kiingereza, miaka 3 ya hisabati yenye aljebra ya kwanza, jiometri na aljebra ya pili, miaka 3 ya sayansi ya maabara yaani biolojia, kemia na fizikia, miaka mitatu na nusu ya masomo ya jamii, na miaka 2 ya lugha ya kigeni. Basi. Orodha inaingia kwenye nusu ukurasa. Mzazi asiyejua mambo ya shule anaweza kuisoma na kuuliza, mwanangu yumo au hayumo?

Mnaweza kubishana na orodha hiyo, na nchi nyingine zitakuwa na yao. Uzuri wake ni kwamba haikusema "bidii" wala "ubora". Ilitaja masomo kwa majina na miaka. Na jambo la pili lililonivutia ni wakati walioutumia kuitangaza. Watu wa makampuni walikwenda kuzungumza na wanafunzi wa darasa la nane, kabla hawajaingia sekondari ya juu na kujaza fomu za masomo. Ziara za makampuni ninazozijua mimi huja kwa wahitimu, wiki za mwisho, wakati mlango wa hisabati umeshafungwa miaka miwili nyuma. Mgeni anamaliza hotuba kwa kuwaambia watoto wasome sayansi, na waliokaa mbele yake ni watu ambao hata wangetaka, muda umepita.

Marekani walijaribu pia kuliweka jambo hili mfukoni. Kati ya mwaka 2006 na 2011 palikuwa na ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa vyuo wenye kipato kidogo waliokuwa wamemaliza mfululizo wa masomo magumu sekondari, hadi dola 750 mwaka wa kwanza wa chuo na hadi dola 1,300 mwaka wa pili. Mfululizo wa State Scholars ulikuwa mojawapo ya njia za kustahili. Ruzuku ilikwisha, lakini mnaona sura ya jambo: somo limetajwa, faida imetajwa, na mtoto anaweza kuunganisha hivi viwili mwenyewe bila kuhubiriwa.

Nimegusa fedha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo makampuni mengi hukimbilia: zawadi kwa wanaofaulu. Kikombe, hundi kubwa ya karatasi, kompyuta kwa mwanafunzi bora.

Mwanauchumi Roland Fryer wa Harvard alisimamia majaribio makubwa ya kuwalipa wanafunzi katika miji kadhaa ya Marekani kuanzia mwaka 2007. New York waliwalipa kwa alama za mitihani. Chicago waliwalipa wa darasa la tisa kwa madaraja yao, dola 50 kwa A, 35 kwa B, 20 kwa C. Dallas waliwalipa watoto wadogo wa darasa la pili dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali yake. Waliolipwa kwa matokeo, mitihani ya upimaji haikusogea. Dallas ndiko kulikoonekana dalili ya faida katika kusoma na kuelewa, na hata huko ni kwa waliofanya mtihani kwa Kiingereza, si wote.

Sababu? Watoto wa New York walipoulizwa wangefanya nini ili wapate fedha zaidi, walizungumzia namna ya kufanya mtihani: kusoma swali vizuri, kurudia kuangalia majibu. Kusoma kitabu zaidi, kumfuata mwalimu, kufanya mazoezi ya ziada, hayo hawakuyataja. Fedha walizitaka, na ninaamini walizitaka kwa moyo wote. Ila ukimwambia mtoto nitakulipa ukipata A, unadhani anajua A inapatikanaje. Angekuwa anajua angeshaipata. Mtoto wa Dallas aliambiwa afanye kitu anachoweza kukifanya leo jioni: fungua kitabu, soma, malizia.

Kwa hiyo kampuni yenye fungu la zawadi, ninaomba liondolewe kileleni na kushushwa chini kwenye kazi yenyewe. Lipeni saa za mazoezi ya jioni zilizohudhuriwa. Lipieni ripoti za majaribio ya maabara zilizoandikwa na kusahihishwa. Gharimieni ada ya mtihani wa somo gumu kwa kila anayejiandikisha, si kwa anayeshinda. Kikombe cha mwanafunzi bora huenda kwa yule ambaye angekuwa bora hata bila nyinyi.

Atatokea mtu aniambie kwamba Dallas hiyohiyo kuna mpango uliolipa matokeo na ukafaulu. Ni kweli, na naufahamu. Ulianza miaka ya 1990, ukifadhiliwa na watu binafsi: mwanafunzi aliyefaulu mitihani ya ngazi ya chuo inayofanywa sekondari, ile ya Advanced Placement, alilipwa kati ya dola 100 na 500 kwa kila mtihani, na mwalimu wake akalipwa pia. Mchumi Kirabo Jackson aliufuatilia akakuta wanafunzi wengi zaidi walifanya mitihani hiyo, na wengi zaidi walikwenda chuo. Lakini tazameni kilichokuwa chini ya hizo fedha. Walimu walipewa mafunzo. Walimu wa madarasa ya chini walikaa na wa madarasa ya juu kupanga mtoto aandaliwe nini mapema. Palikuwa na muda wa ziada wa kufundisha na gharama ya mtihani ilipunguzwa. Mtoto alikuwa na njia ya kupita, fedha zikamshawishi aipite. Anayechukua kipande cha fedha peke yake akaacha mafunzo ya walimu atakuja kushangaa mbona kwake haikufanya kazi.

Hapo ndipo ninapogeukia upande wa elimu, maana nisije nikaonekana nawasakama wafanyabiashara tu.

Wakuu wa elimu, kulazimisha somo gumu ni rahisi kuliko kulifundisha. Chicago mwaka 1997 waliamua kila mwanafunzi wa darasa la tisa asome hisabati ya kuelekea chuo, aljebra kwenda juu, madarasa mepesi yakafutwa. Nia ilikuwa njema kabisa, na mimi kama mwalimu wa somo hilo ningeipigia makofi. Watafiti walipofuatilia walikuta wengi zaidi wamesoma aljebra, ndiyo, lakini waliofeli hisabati nao waliongezeka, na alama za mitihani hazikupanda. Jina la somo lilibadilika kwenye ratiba. Mtoto ambaye hakujua hesabu za sehemu, kama nusu na robo, aliingia aljebra bila kuzijua.

Mwaka 2003 wakajaribu kitu kingine: waliokuwa nyuma walipewa vipindi viwili vya aljebra kwa siku badala ya kimoja, na walimu wao wakapewa vifaa na mafunzo ya kutumia muda huo. Walipofuatiliwa miaka kadhaa baadaye, walioongezewa muda walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza sekondari na kwenda chuo. Somo lilikuwa lilelile. Kilichoongezeka ni saa, na mwalimu aliyejua azifanyie nini.

Kwa hiyo kampuni ikija na kauli ya kutaka wahitimu wengi wa sayansi, shule isikubali haraka kwa kuogopa kumpoteza mfadhili. Iseme ukweli: tuna mwalimu mmoja wa fizikia kwa mikondo yote, maabara haina mizani inayofanya kazi, na kipindi cha hisabati ni cha mwisho mchana wakati watoto wameshachoka. Hayo ndiyo yaingie kwenye mkataba. Mhandisi mmoja akiazimwa shuleni nusu siku kila wiki kwa mwaka mzima, akae pembeni ya mwalimu wa fizikia wakati wa majaribio, ana faida kuliko wahandisi ishirini wanaokuja siku moja na kofia za njano.

Na akija, afanye nini? Nitaeleza kipindi kimoja nilichokiona, kwa sababu kilinibadilisha namna ninavyoandaa wageni.

Muuguzi alialikwa kuzungumza na kidato cha pili. Hakuleta hotuba. Aliandika ubaoni: mgonjwa anatakiwa apate dripu ya lita moja ndani ya saa 8, mrija unatoa matone 20 kwa kila mililita, je, uweke matone mangapi kwa dakika? Akakaa kimya. Watoto wakaanza kwa kelele, kila mmoja na jibu lake. Mmoja akasema matone 2,500, akazidisha bila kuligawa kwa dakika, darasa likacheka. Muuguzi hakucheka. Akamwambia, "Hayo ni ya saa nzima. Dripu haiendi hivyo, hayo kwa dakika moja yangekuwa yanatiririka sakafuni. Gawanya tena." Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Jibu ni 41.67, akawauliza nusu tone linatoka vipi kwenye mrija, wakakubaliana 42. Kisha akawaonyesha kwa kutumia saa yake ya mkononi jinsi anavyohesabu matone kwa robo dakika ili asipoteze muda kitandani.

Dakika kama ishirini na tano hivi, zimekwisha. Hakuna aliyeuliza, "Mwalimu, kwani hii tutaitumia wapi?" Swali hilo nimelisikia kila muhula tangu nianze kufundisha, na siku hiyo lilijijibu. Nikawauliza baadaye hesabu hiyo ni mada gani kwenye silabasi, wakasema uwiano. Ni mada waliyoisoma mwaka uliotangulia na kuisahau.

Ndiyo maana nasema mgeni wa kampuni aje na tatizo halisi la kazini kwake, lile ambalo wiki iliyopita lilimkalisha kwenye meza na kalamu. Fundi umeme aje na mzigo wa umeme na swali la unene wa waya. Mhasibu aje na mkopo na riba inayozaa riba. Mpimaji ardhi aje na pembe. Hadithi ya jinsi alivyofanikiwa maishani tunaishukuru, lakini watoto wanazo nyingi kwenye simu.

Sasa vifungu vya mkataba wenyewe.

Boston mwaka 1982 walitia saini makubaliano yaliyoitwa Boston Compact. Wafanyabiashara waliahidi ajira za likizo na kazi kwa wahitimu. Shule ziliahidi kupandisha mahudhurio na alama, na kupunguza utoro wa kudumu kwa asilimia 5 kila mwaka. Kazi zilipatikana, tena kwa wingi. Wanaoacha shule hawakupungua kama ilivyoahidiwa. Ilipofika mwaka 1988 wafanyabiashara waligoma kuuhuisha mkataba mpaka shule zikubali mabadiliko makubwa zaidi, na makubaliano mapya yakaja mwaka uliofuata.

Wengine huusoma mkasa huu kama habari ya kushindwa. Mimi nauona tofauti. Kwa sababu ahadi zilikuwa na tarakimu pande zote mbili, upande mmoja uliweza kusimama na kusema, sisi tumetimiza, nyinyi bado, tukae tena. Mkataba usio na tarakimu hauwezi hata kuvunjika. Unaendelea tu, kila mwaka na keki yake. Na kazi za likizo kwa wanafunzi wa Boston zipo hadi leo, jambo ambalo halingedumu kama mwaka 1988 wangeamua kupiga picha nyingine na kunyamaza.

Basi nakuombeni tarakimu. Upande wa kampuni: nafasi ngapi za mafunzo ya likizo kwa wanaosoma masomo yaliyotajwa, watumishi wangapi wanaachiwa saa ngapi kwenda shuleni, na kwa miaka mingapi. Upande wa shule: wanafunzi wangapi, wavulana na wasichana kila kundi peke yake, watakuwa wanaendelea na hisabati na sayansi ifikapo mwaka wa pili wa mkataba, na wangapi kati yao wamefaulu. Wasichana nimewataja makusudi. Namba ya jumla inaweza kupanda vizuri huku darasa la fizikia likiwa na wasichana watatu, na hakuna atakayeona.

Miaka isipungue minne. Mwanafunzi anayeanza sekondari leo anahitaji muda huo kufika mwisho, na kampuni inayokuja kwa mwaka mmoja inamwacha katikati ya njia. Tajiri mmoja wa New York, Eugene Lang, mwaka 1981 alisimama mbele ya watoto 61 wa darasa la sita katika shule aliyosoma yeye mwenyewe, East Harlem, akawaahidi kuwalipia chuo wakimaliza sekondari. Ahadi ile ilivuma. Kilichovuma kidogo ni kwamba baada ya hotuba aligundua ahadi peke yake haitoshi, akaajiri mtu wa kuwafuatilia watoto hao mwaka hadi mwaka, na mwenyewe akawa anakutana nao na kuwasikiliza. Jina la mtu kama huyo, anayejua watoto kwa majina, ndilo ninalolitafuta kwenye mikataba yenu, na silioni.

Kuna mambo ya kukataa pia, nitayapitia haraka. Kampuni isipewe nafasi ya kuandika silabasi kwa ajili ya mashine zake, maana kijana atamaliza shule na mashine zitakuwa zimebadilishwa. Ujerumani, ambako uanagenzi una sheria yake tangu mwaka 1969 na kijana hugawa wiki kati ya kiwanda na shule, mtihani wa mwisho husimamiwa na chemba za biashara na ufundi, si na kampuni iliyomfundisha. Mafunzo ya likizo yasigeuzwe kazi ya bure ya kufagia na kubeba mafaili. Taarifa za wanafunzi zisiende kwa watu wa masoko. Na bidhaa za kampuni zisiuzwe wala kutangazwa darasani kwa kisingizio cha ushirikiano.

Narudi kwa wakurugenzi wa rasilimali watu, kwa kuwa ombi langu kuu liko mezani kwenu. Fomu yenu ya maombi ya kazi inauliza jina, umri, anwani, kiwango cha elimu. Ongezeni mistari miwili: masomo uliyosoma miaka miwili ya mwisho ya sekondari, na alama za kila moja. Ambatanisheni ripoti ya masomo. Kwenye usaili muulize angalau swali moja linalotoka humo. Anayeomba kazi ya stoo aulizwe asilimia. Anayeomba kazi ya maabara aulizwe molari, yaani kipimo cha ukali wa mmumunyo. Sitaki aliyefeli somo gumu afungiwe mlango, la hasha. Nataka aliyepata C ya hisabati ya juu asihesabiwe kuwa nyuma ya aliyepata A ya somo jepesi, kwa sababu tu mashine ya kuchuja maombi imetazama wastani. Hilo likifanyika kimyakimya halitasaidia kitu. Litangazeni. Bandikeni fomu hiyo kwenye ubao wa matangazo wa kidato cha kwanza, wakati bado wana miaka ya kujiandaa.

Gharama yake ni karatasi. Sidhani kuna kifungu kingine cha mkataba chenye bei ndogo kuliko hiki, na pengine ndiyo sababu hakipendwi: hakina cha kupigia picha.

Rasimu inayofuata ikiwa tayari, kabla haijafika kwa wanasheria, ninaomba mtuite walimu wa hisabati na sayansi kikao kimoja cha asubuhi. Sisi tutakuja na silabasi, takwimu za wanaoacha masomo haya kila mwaka, na orodha ya vifaa vilivyokufa maabara. Nanyi mje na fomu mnayoajiria, tukae tuisome pamoja mstari kwa mstari.

Wenu katika taaluma,

Mwalimu wa hisabati, sekondari